Chungu Kinachosikika

— Jamani, mmekaa?
— Tumekaa!
— Pua mmekuja nazo?
— Tumekuja nazo!
— Basi paukwa!
— Pakawa!

Pakawa na Kicheche, mnyama mdogo mwenye milia mgongoni na ila moja tu. Akishtuka, puuu! Kijiji kizima kinahama. Mwenyewe alijijua. Alikuwa akisema, "Mimi nikijificha, hata kipofu hunipata bila kuuliza."

Mkewe alivumilia, akavumilia, akachoka, akaenda kwao. "Siku utakayonukia, nitarudi," alimwambia. "Ukiendelea kunuka, nipe talaka yangu." Kicheche akalia. Alimpenda mno mke yule.

Basi akaingia kazini. Asumini akatwanga, twa! Karafuu akatwanga, twa! Sandali akatwanga, twa! Siku saba anatwanga, anakoroga, ananusa, anapiga chafya. Siku ya nane akapata chungu kimoja cha manukato, akajiita fundi. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Hata yeye alicheka kidogo. Kisha akatuma salamu: mke wangu, manukato tayari, njoo leo jioni.

Salamu zikapita mlangoni kwa Fisi, naye akazidaka kwa sikio. Fisi ndiye aliyekuwa mkubwa wa kijiji, na amri yake ilikuwa moja: kila starehe ni ya Fisi. Asali ni starehe, Fisi akaila. Kivuli ni starehe, Fisi akakilalia. Sanaa tu ndiyo aliyowaachia wenyewe, kwa sababu siku moja aliitafuna ngoma, kacha! jino likang'oka.

Adhuhuri, guu, guu, guu, huyo anakuja.

"Kicheche! Lete hicho chungu!"

"Shikamoo, mzee. Hii si starehe, ni sanaa."

"Sanaa gani? Ngoma ni sanaa, naisikia. Wimbo ni sanaa, nausikia. Chungu chako kinalia?"

Wanyama walishajaa uani. Kicheche akafunua chungu kidogo tu.

"Mzee, unasikia nini?"

Nf, nf. "Nasikia harufu ya asumini."

"Na nyuma yake?"

Nf, nf. "Nasikia karafuu."

"Na kwa mbali kabisa?"

Fisi akafumba macho. "Namsikia mama yangu, siku ya sikukuu, anafukiza nguo." Chozi likamtoka, akalifuta haraka.

"Jamani!" Kicheche akapaza sauti. "Mzee amesikia mara tatu! Kinachosikika ni nini?"

"Ni sanaa!" wakaitikia wote.

Fisi akazinduka. "Sanaa kitu gani! Mimi nimestarehe! Nimestarehe mpaka nimelia, kwa hiyo ni changu!" Akakinyakua chungu, pwa!

Kicheche akashtuka. Puuu!

Loo! Kanga wakaanguka chali. Kobe akaingiza kichwa ndani, hakukitoa tena siku ile. Kicheche alitamani ardhi immeze. Fundi wa manukato, jamani, mbele za watu! Lakini chungu kilikuwa mikononi mwa Fisi, na mke alikuwa njiani. Akaimeza aibu yake.

"Mzee, na hiyo umeisikia?"

"Nimeisikiaaa!"

"Nayo ni kazi yangu. Kama ya chungu ni starehe, hii nayo ni starehe, na starehe zote ni zako. Nitakuletea nyumbani kila siku, asubuhi na jioni."

Fisi akakiweka chungu chini polepole. "Ni sanaa," akasema huku amebana pua. "Ni sanaa tupu! Kaa nayo!" Akatimua mbio, vumbi tu.

Jioni mke akafika. Kicheche alikuwa amejipaka toka kichwa hadi mkia, kifua mbele. "Mke wangu, hebu sikia sanaa hii!"

Mke akamsogelea. Nf, nf. Akatabasamu. "Sanaa wapelekee huko uwanjani, wakupigie makofi. Mimi nimefuata starehe. Funga mlango."

Fundi akafunga mlango.

Sasa funzo lake, wakubwa kwa wadogo: msafi humshinda mchafu siku zote. Ndivyo nilivyofundishwa, msinibishie. Mimi mwenyewe leo nimejipaka marashi ya kutosha harusi mbili, na tangu nianze hakuna aliyesikia kitu, ila yule dada aliyehamia kule nyuma. Hadithi imekwisha. Iliyonukia chukueni, iliyonuka niachieni mwenyewe.