Sultani Shekue Mlangoni kwa Faki

Hapo zamani, katika mji wa Tumbawe, alitawala Sultani mmoja, jina lake Shekue bin Mwinyi Hatibu. Jina la babake halina budi kutajwa, kwa kuwa katika ukoo ule walikuwako akina Shekue wengine wawili, na huyu si yule aliyekuwa kipofu, wala si yule aliyependa majogoo.

Sultani Shekue hakuwa mtu mwovu. Alisali, alilisha maskini siku za Maulidi, na hakupenda kuona damu. Ila lilikuwako wazo moja lililomkaa kichwani tangu siku aliyopigiwa siwa, ile pembe ya enzi, akakalishwa kitini. Aliamini kwamba kila haki aliyokuwa nayo mtu wa Tumbawe, ya kulala kwake, ya kuoa, ya kulima, ya kusema, ilitoka mkononi mwake kama tende zinavyotoka kikapuni. Na mwenye kikapu, akipenda, huzirudisha. Waziri wake, Khelefu bin Sudi, alimwambia hivyo kila asubuhi, na neno lisemwalo kila asubuhi huota mizizi.

Basi siku moja Sultani amekaa barazani pamoja na wageni wake, akaingia mwanamke mtu mzima, Bi Mboja binti Haji, ameshika ushungi wake kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba, Bi Mboja. Una haja gani?"

"Mwanangu Vuai, mchoma chokaa, alikamatwa na askari juzi akiwa tanuuni, na mpaka sasa yumo gerezani. Nasikia Jumamosi atapakiwa chomboni apelekwe Kisiwa cha Popo, na aendaye huko harudi. Bwana wangu, sikuja kuomba msamaha. Nimekuja kuuliza tu. Amefanya nini?"

Sultani akamtazama Khelefu. Khelefu akatazama dari. Kweli yenyewe ni kwamba Sultani hakumjua Vuai, wala hakukumbuka kuamuru akamatwe. Lakini wageni walikuwa wakisikiliza, na mtawala kusema "sijui" mbele ya wageni aliona ni sawa na kuvuliwa kilemba. Basi akakunja uso, akasema:

"Kuuliza ni haki, Bi Mboja, nami sikumbuki kukupa haki hiyo. Nenda zako."

Hapo mtu mmoja akacheka.

Aliyecheka aliketi karibu na viatu, mahali pa wasio na mahali. Jina lake Faki bin Chumu, lakini mji mzima ulimwita Faki Mkeka, kwa sababu mali yake yote ilikuwa mkeka mmoja na mke mmoja, Mize. Na kati ya hao wawili, kilichochakaa ni mkeka.

"Nani anayecheka?" akauliza Sultani.

"Ni mimi, bwana wangu, niwie radhi. Nimekumbuka kwamba tangu alfajiri napumua, na ruhusa sijaiomba. Nikaogopa. Nami nikiogopa hucheka."

Watu wakaziba midomo kwa mikono. Sultani akaona masikio yake yakipata moto.

"Faki," akasema, "wewe wajiona mjuzi. Basi nakupa kazi. Niletee haki moja ambayo sikuitoa mimi, wala baba yangu, wala babu yangu. Usiniletee maneno, maneno ya wanazuoni ninayo tele makabatini. Nataka niione kwa macho yangu haya ikinizuia, mimi Shekue, nisipite. Kesho baada ya adhuhuri. Ukiiweza, Bi Mboja atajibiwa. Ukishindwa, Jumamosi utamfuata Vuai chomboni, mkae huko mkiulizana maswali."

Khelefu akacheka kicheko kirefu, maana aliona jambo limekwisha. Bi Mboja akatoka analia, na alipofika ngazini akamwambia Faki, "Ewe mwanangu, jana nilikuwa na mmoja wa kumlilia. Leo umenipa wawili."

"Nyamaza, mama," akasema Faki. "Huko kisiwani chakula ni popo, nami popo simli. Siendi."

Ikawa kesho yake, sala ya adhuhuri ilipokwisha, Faki akaja barazani mikono mitupu.

"Iko wapi?" akauliza Sultani.

"Iko kwangu, bwana. Nimejaribu kuibeba, ikakataa. Ni ya mahali pake. Atakaye kuiona huifuata."

"Ina ukubwa gani?"

"Kwa macho haizidi kipande cha mkeka. Kwa nguvu, wewe mwenyewe utanambia."

Sultani akapata shauku, maana tangu atawale hakuna aliyemwonyesha kitu asichokijua. Akasema, "Twende." Faki akaomba atangulie akafagie, kwa kuwa Sultani hajapata kufika kwao, akaruhusiwa, maana hilo lilikuwa ombi la adabu.

Basi msafara ukatoka. Siwa mbele, nyuma yake Akida Songoro na askari wenye panga, kisha Waziri Khelefu, kisha Sultani chini ya mwavuli mwekundu ulioshikwa na mtumishi wake Masudi. Mji ukafuata, na Bi Mboja katikati ya mji.

Nyumba ya Faki ilikuwa ya udongo na makuti. Mlango haukuwa na ubao wala komeo. Palining'inia kipande cha mkeka mkuukuu tu, upepo ukikipeperusha huku na huku. Mtoto angekisogeza kwa kidole.

Sultani akafika kizingitini. Hapo miguu yake ikafanya jambo ambalo kichwa hakikuamuru. Ikavua makubadhi. Mwili nao ukajisogeza kando kidogo, macho yasiingie ndani, koo likakohoa kikohozi kidogo cha adabu, na mdomo ukasema:

"Hodi!"

Ndani, Mize alikuwa anakuna nazi. Mbuzi ikalia kwaru, kwaru, ikanyamaza, kisha ikaendelea kwaru, kwaru. Hapana aliyejibu.

Sultani akangoja. Akasema tena, kwa sauti zaidi, "Hodi humu!"

Kwaru, kwaru.

Jua lilikuwa kali na mchanga umepata moto. Mwavuli hukinga kichwa. Miguu haina mwavuli. Sultani akasimama kwa mguu wa kulia, akabadili akasimama kwa wa kushoto, na mji wote ukimtazama. Akamkumbuka marehemu mama yake, Mwana Nana, alivyomfinya sikio alipokuwa mdogo kwa kuingia kwa mpishi bila kubisha. "Hata jikoni pana mwenyewe," alimwambia. Naye alikuwa mtoto wa Sultani, na mpishi alikuwa mpishi tu.

Akabaki na hodi moja. Hodi ya tatu isipojibiwa, mtu hurudi alikotoka. Ndivyo alivyofunzwa, ndivyo walivyofunzwa wote. Akirudi, mji utasema mkeka umemrudisha Sultani. Akiingia bila kukaribishwa, mji utasema maneno ambayo hata mwizi hapendi kuyasikia.

Khelefu akamnong'oneza, "Bwana, ingia tu. Ni mkeka."

"Niingie? Kuna mke wa mtu humo ndani, Khelefu! Kwani mimi nimelelewa porini?"

"Basi na aingie Akida."

Sultani akageuka. "Songoro, ingia uwatoe."

Akida Songoro, mtu wa kifua kama jahazi, aliyekwisha kupigana vita vitatu, akatazama vidole vyake vya miguu. Naye alikuwa ameshavua viatu. "Bwana wangu," akasema taratibu, "nitume kwa simba. Mama yangu mimi angali hai, tena yule pale anatutazama."

Watu wakaangua kicheko, na mama yake Akida akaitikia kutoka nyuma, "Nakuona, Songoro!"

Sultani akapumua kwa nguvu, akasema hodi ya tatu, na sauti yake sasa ilikuwa sauti ya mtu anayeomba. "Hodi, wenyewe!"

Mbuzi ikanyamaza. Sauti ya Faki ikatoka ndani. "Nani mwenzetu?"

"Ni mimi, Shekue."

"Ah, bwana wangu! Mbona umesimama juani?"

"Nangoja unikaribishe, mwana wa Chumu!"

"Anayekuzuia ni nani? Mlango hauna ubao. Mimi sina upanga, na mke wangu ana kibao cha mbuzi tu. Wewe una askari, una siwa, una mji. Nani amekushika?"

Sultani akautazama ule mkeka, kisha askari wake.

"Bwana wangu," Faki akaendelea kwa upole, "jana ulitaka kuiona kwa macho yako haki inayokuzuia usipite. Ndiyo hiyo uliyosimama mbele yake. Ni haki ya mtu na nyumba yake. Sasa niambie, ulinipa lini? Au alinipa baba yako? Au babu yako?"

Sultani akatafuta. Akarudi nyuma katika kumbukumbu mpaka kwa baba yake, naye alimwona akibisha hodi kwa mvuvi aliyefiwa. Akarudi mpaka kwa babu yake, ambaye husimuliwa kwamba alipofika Tumbawe mara ya kwanza, kabla hajawa mtu wa kutajwa, alisimama nje ya mji akabisha, wakamkaribisha wenyewe waliokuwako. Ikambainikia kwamba ukoo wake wote uliingia kwa hodi. Nani basi aliwapa wale wa kwanza haki ya kuitikia?

"Ningeweza kuingia," akasema, lakini kama mtu anayejisemea.

"Ungeweza, bwana. Mwizi naye anaweza. Ila akiingia, watu husema amevunja haki ya mwenye nyumba. Na kitu kisichokuwapo hakivunjiki."

Khelefu akaruka. "Bwana, usidanganyike! Hiyo ni desturi ya watu wa Tumbawe tu, kama kofia zetu. Haki ya wanaadamu gani hiyo? Wa kwingine hata hodi hawaijui!"

"Wa kwingine ndiye huyo aliyekushikia mwavuli," ikasema sauti ya Faki. "Mwulizeni."

Sultani akamgeukia mtumishi wake. "Masudi, huko kwenu bara, mwabisha hodi?"

"La, bwana. Kwetu hatuna neno hilo," akajibu yule mtumishi, na Khelefu akatabasamu. "Kwetu mtu husimama mbali na uwanja wa nyumba, akachuchumaa, akapiga makofi polepole mpaka aitwe."

"Na asiyepiga makofi?"

"Asiyepiga makofi ni fisi, bwana. Hata chifu."

Sultani akamtazama mtu huyu aliyemkinga jua miaka mingi. "Masudi ndilo jina ulilopewa kwenu?"

"Hilo nimepewa hapa. Baba yangu aliniita Chilumba."

"Chilumba," akasema Sultani, akalirudia ili asilikosee. Na tangu siku ile halikutajwa jingine.

Kisha Sultani akajitazama. Akaiona miguu yake mitupu, Akida wake na askari wake waliojipanga na viatu mikononi mbele ya kipande cha mkeka ambacho panya amekitoboa, na siwa ya ukoo imeegemezwa ukutani. Kicheko kikaanza tumboni, kikapanda, kikamtoka, mpaka akashika kizingiti asianguke. Mji ukacheka naye.

"Umeniweza, Faki! Nikaribishe basi, miguu inaiva!"

"Karibu, bwana wangu! Karibu kwako!" akasema Faki, akaufunua mkeka kwa mikono miwili, na Mize akatandika mkeka mwingine, uliokuwa wa kuazima.

Sultani alipokaa pamoja na Waziri na Akida wake, akamwita Bi Mboja aingie, akasema, "Sasa swali lako. Songoro, Vuai amefanya nini?"

"Sijui, bwana. Mimi niliamriwa na Waziri."

"Khelefu?"

Khelefu akatafuta dari, akakuta makuti. "Bwana, Ijumaa iliyopita ulikuwa ukienda msikitini. Upepo ukaleta moshi wa tanuu la chokaa. Ukakohoa. Kisha ukasema, 'Huyu mwenye moshi angepelekwa mbali.' Nami, bwana, neno lako..."

"Nilikohoa!" akasema Sultani, na sasa hakucheka. "Nimekohoa, na mwana wa mtu akatiwa pingu." Akainamisha kichwa mbele ya yule mama. "Bi Mboja, ulipaswa kujibiwa jana. Jibu ni kwamba hakufanya lolote. Niwie radhi."

"Nimekusikia, bwana," akasema Bi Mboja. "Naomba mwanangu aje aniambie kwamba naye amesikia."

Vuai akafunguliwa saa ile ile, akaletwa, chokaa ingali imemganda nyweleni, na mama yake akamkumbatia hata naye akawa mweupe. Sultani akaamuru kwamba tangu siku ile hapana atakayekamatwa Tumbawe asiambiwe kosa lake mbele ya watu wake, na aliye na neno la kujibu asikizwe.

Khelefu, aliyetaka kujirudishia heshima, akamwita mpiga mbiu. "Tangaza! Sultani amewapa watu wake haki ya kuuliza!"

"La," akasema Sultani. "Usiseme nimewapa. Sema nimekumbushwa."

Kisha akamgeukia Faki. "Nawe nikupe nini? Nikuandikie hati, wewe na wanao, kwamba nyumba hii haiingiliwi milele?"

"Ahsante, bwana, usijisumbue," akasema Faki. "Hiyo haki ninayo, nimezaliwa nayo. Pilau ndiyo sina."

Sultani akacheka hata kilemba kikamwendea upande, na pilau ikaja kwa masinia, nyama juu, zabibu juu ya nyama. Vuai akala kwa siku zote alizokosa, Chilumba akakaa sinia moja na Akida, na Khelefu akapewa kazi ya kumimina maji.

Hekaya imeliwa mpaka chini ya sinia. Aliyeshiba na anawe.