Jina la Mtoto wa Mwaipopo

Sogeeni mnisikilize, maana mwisho nitawauliza, na sitaki mtu aseme hakusikia.

Vita kuu ya pili, meli ilikuwa inapeleka askari wetu Burma. Ndani yake walikuwamo marafiki watatu. Mutiso alikuwa na moyo mpana: akiwa na sigara moja, mnavuta wote. Ndalahwa, mtu wa simu za jeshi, alikuwa na masikio makali. Wandiba wa kisiwa cha Rusinga alikuwa na mikono ya kuogelea kutwa nzima.

Wa nne ni Mwaipopo, mpishi. Huyo hakujua kuogelea hata kidogo. Na jikoni kulikuwa na joto, basi jaketi lake la kuelea alikuwa analikunja na kulikalia akimenya vitunguu.

"We mpishi," Wandiba alimtania mchana mmoja, "siku tukizama utaelea kwenye mchuzi wako?"

Mchana huohuo nyambizi ya adui, ile meli inayotembea chini ya maji, ikaipiga meli yao. Dakika mbili tu, meli haipo.

Mutiso alimkuta Mwaipopo anakunywa bahari. Akavua jaketi lake akamvalisha. Yeye akashika kipande cha ubao.

Ndalahwa akatia sikio majini. "Jamani, nyambizi imejificha chini yetu! Na ile manowari inayokuja ni yetu, lakini haiji kutuokota. Inakuja kupiga mabomu hapahapa. Ondokeni!" Angeweza kuondoka wa kwanza. Alibaki anawapigia kelele wengine.

Wandiba akamkamata Mwaipopo kwenye kola, akamvuta.

"Na Mutiso je?" Mwaipopo akalia.

"Nina mikono miwili tu, ndugu yangu. Piga miguu!"

Mabomu yakalipuka chini ya maji. Nyambizi ilikufa. Na wetu waliokuwa juu yake walikufa. Mutiso hakuonekana tena, wala Ndalahwa. Wandiba alipona, lakini mlipuko ulimharibia mikono. Hata ndoo hawezi kubeba.

Mwaipopo akarudi kwao. Mkewe akajifungua mtoto wa kiume kwa shida sana, mkunga akasema hatazaa tena. Na mama yake Mwaipopo akakataa katakata mtoto kupewa majina mawili. "Jina moja, mtu mmoja. Ndivyo tulivyo."

Mjane wa Mutiso akaja. "Shemeji, jaketi ulilovaa lilikuwa la mume wangu. Hakuniachia mtoto wa kubeba jina lake."

Mama yake Ndalahwa akaja. "Baba, mwanangu angenyamaza akajiondokea, angekuwa hai. Nyote mngekufa. Nilikuwa naye huyo tu, na kaburi sina."

Wandiba naye akaja. "Mimi sijafa, najua. Lakini nani ataolewa na mikono hii? Jina langu linaishia kwangu."



Mimi nimeenda mjini kwenye lile jiwe la kumbukumbu ya waliokufa na meli ile. Nimesoma mwenyewe, herufi kwa herufi, juu mpaka chini. Maofisa wana majina. Wetu wameandikwa "na askari Waafrika", basi. Kwa hiyo hakuna pengine pa kuliweka jina. Ni kwa huyu mtoto tu.

Haya. Jaketi, sikio, mikono: ukitoa kimoja, mtoto huyu hayupo. Analia pale kwenye kanga, siku ya saba leo, siku ya kupewa jina, na watu wote wanasubiri.

Ungekuwa wewe Mwaipopo, ungemwita nani?