Mbweu ya Mzee Tobo

Kisa kipo.

Mbona kimya, wajukuu zangu? Bibi Nyamizi akisema kisa kipo, ninyi mnasema kilete. Au mnataka nikiweke tuendelee kubangua karanga tu? Haya, kisa kipo.

"Kilete, Bibi."

Hiyo sauti ya watu wenye njaa naijua, lakini leo nimewaona kwa macho yangu mkikomba sufuria ya mboga. Shija, wewe mume wangu, karanga ziingie kwenye ungo, zisiingie mdomoni. Kisa kipo.

"Kilete!"

Sasa kinakuja. Zamani, zamani ile ambayo hata zamani yenyewe ilikuwa bado inanyonya, jua letu halijazaliwa na huyu mwezi hana hata jina, palikuwa na mji wa nyota. Mji mkubwa. Nyinyi shuleni mnauita galaksi, na mimi sina ugomvi na mwalimu wenu, aite anavyotaka. Mji ulizunguka, ukazunguka, ukazunguka, na katikati ya mji amekaa mzee mmoja. Mwalimu anamwita shimo jeusi. Sisi tutamwita Mzee Tobo, maana mtu mzima haitwi shimo.

Mzee Tobo alikuwa mweusi, mzito, na mtulivu. Alikuwa mzito kuliko nyota wote wa mtaa wake wakikusanywa pamoja. Chochote kilichomfika mdomoni kiliingia, na kikiingia hakitoki tena, hata kama ni mwanga.

"Bibi, si angewameza wote?"

Kalunde, mke mwenzangu, unapenda kutisha watoto. Mzee Tobo hakumkimbiza mtu. Ukikaa mbali naye mlikuwa mnaheshimiana tu, unazunguka zako, naye anakaa zake. Aliyemezwa ni yule aliyepelekwa karibu. Na hapo ndipo kisa kinapoanzia, kwa sababu watu wa mji ule walikuwa wanampelekea.

Walimpelekea nini? Ukungu. Sikieni vizuri, maana bila ukungu hamtaelewa kitu. Nje ya mji ule palitanda ukungu mkubwa, umeuzunguka mji pande zote. Ukungu ukipoa unashuka mjini kama manyunyu. Ukishuka, akina mama mawingu wanaukusanya, wanajikunja nao, wanautuliza tumboni. Ubaridi ukikaa sawasawa, nyota anazaliwa. Lakini lazima upoe. Ukungu wa moto hauzai, unapanuka na kutoroka, na mama anabaki tumbo tupu.

Sasa, desturi ya mji ule ilikuwa moja: mzee anatengewa kwanza. Sahani ya kwanza ya ukungu ni ya Mzee Tobo, kabla ya mama yeyote kugusa. Na desturi ya pili ilikuwa kwamba mzee haulizwi kama ameshiba. Kumuuliza mzee kama ameshiba ni kama kumwambia anakula sana. Nani atathubutu? Unatenga, unarudi nyuma kwa adabu, unatenga tena.

Msimamizi wa karamu hizo alikuwa nyota mmoja wa bluu, anaitwa Mihambo. Kijana, moto, mng'ao mwingi, maneno mengi. Mnamjua mtu wa namna hiyo. Kwenye harusi ndiye anayeshika kipaza sauti wakati hakuna aliyempa.

Siku moja Mihambo akatenga kupita kiasi. Akasukuma ukungu, akasukuma, akasukuma. Na chakula cha Mzee Tobo hakiingii moja kwa moja, la. Kinamzunguka kwanza, kinasuguana chenyewe kwa chenyewe, kinapata moto, kinang'aa mpaka mji mzima unafumba macho. Na kikiwa kingi namna ile, hakipiti chote. Mzee akajaribu kumeza. Kikamkwama. Akabeua.

Mbweu ikatoka pande mbili kwa pamoja, moja juu na moja chini, nyembamba, imenyooka kama mchi. Ikapita mjini, ikatoka nje ya mji, ikaenda mbali kabisa, na huko mwisho ikavimba mapovu mawili makubwa kuliko mji wenyewe, kama uji unapofura ukakusukumia mfuniko.

"Bibi, kama vitu vikiingia havitoki, mbweu ilitoka wapi?"

Shija, wewe ukibugia uji wa moto wote unafika tumboni? Si nusu unaishia kwenye shati? Ile ilikuwa bado haijafika mdomoni. Mwalimu wenu na mimi hapo hatupingani.

Basi, mbweu ile ya kwanza ilipokuwa inapita ukingoni mwa mji ikambana wingu mmoja aliyekuwa mnene, amejikunja, amebakiza kidogo. Ikambana ubavuni, na papo hapo akajifungua nyota, mmoja, mwingine, na mwingine tena. Mji ukapiga vigelegele. Mihambo akapanda juu akasema, "Mmeona? Mzee amebeua. Amekipenda chakula. Na mbweu yake inazalisha. Tumwongezee."

Si unajua kwetu mgeni akibeua mpishi anafurahi? Ndivyo walivyofurahi. Wakamwongezea. Akabeua. Wakasema ameshukuru, wakamwongezea. Akabeua. Kila akibeua, wanatenga. Kila wakitenga, anabeua. Na hakuna aliyeangalia juu.

Huko juu mambo yalikuwa yameharibika. Yale mapovu ya mbweu yalikuwa ya moto, na moto ule ukasambaa kwenye ukungu wote wa nje. Ukungu ukachemka, ukakataa kupoa, manyunyu yakakatika. Na ukungu uliokuwa mjini nao ukapigwa na upepo wa moto, ukafagiliwa nje. Akina mama mawingu wakaanza kukonda. Msimu ukapita bila mtoto kulia, na mwingine ukapita. Nyota wa bluu, ambao huishi haraka na kufa haraka, wakawa wanazimika na hakuna wa kushika nafasi zao. Mji ukaanza kuwa mwekundu, rangi ya wazee.

Alikuwepo mama mmoja anaitwa Bi Mbula. Wingu wa pembeni, mpole, mtu wa kujisetiri. Yeye alikuwa amejificha nyuma ya vumbi zito, na nyuma ya vumbi lile alikuwa na ukungu wa baridi kidogo tumboni, wa mwisho mjini. Mimba ilikuwa imemkaa vizuri, alikuwa anasubiri tu. Alikuwa haongei kwa sauti, asije akajipasha moto.

Mihambo akamgundua. Akaja na wenzake wamejipanga, wanang'aa hao.

"Bi Mbula, shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Mji umekosa watoto. Tumekaa kikao, tumeona Mzee amekasirika kwa sababu sahani zimepungua. Habeui kama zamani. Akibeua kwa nguvu, baraka itarudi. Sasa umebaki wewe tu mwenye ukungu wa baridi."

"Huu ni wa mwanangu, Mihambo."

"Tunajua, mama. Lakini mtoto mmoja na mji mzima, kipi kikubwa?"

Bi Mbula akalia. Lakini alikuwa amelelewa na desturi ileile, na sahani ya kwanza ni ya mzee. Angesema nini? Wakaanza kumsukuma kwenda katikati, polepole, kwa heshima zote, huku wakimwimbia. Hiyo ndiyo iliyoniuma mimi nilipohadithiwa kisa hiki, kwamba walimwimbia.

Usilie, Kalunde. Mwenzio anatumia nafasi hiyo kula karanga.

Basi sikieni. Siku hizo ulikuwa unapita hapo mji mdogo wa jirani, mji wa watani wao. Miji ya nyota inapitiana hivyo, inasogeleana, inavutana, inachanganyana. Na kutoka mji ule mdogo akatoka bibi kizee, nyota mwekundu, amevimba miguu, anaitwa Bi Kasanda. Alikuwa amebakiza mafuta kidogo sana mwilini. Akaukuta msafara, akauliza kulikoni, akaambiwa. Akacheka mpaka akapepesuka.

"Na mnakwenda karamuni bila kunialika, watani wabaya nyinyi," akasema, akaongoza njia.

Mnajua utani unavyokwenda. Mtani anasema kisichosemeka, na ukinuna wewe ndiye mwenye kosa. Mtani anaweza kuchukua kuku wako hadharani ukabaki unacheka kwa shida. Bi Kasanda akafika karibu na Mzee Tobo, karibu kuliko alivyowahi kufika mtu mwenye akili zake, akashika kiuno.

"Wewe mtani, nasikia umekuwa tumbo tu. Kula yako ndiyo imekausha watoto wa watu. Hebu niambie mbele ya hawa wanao, umeshiba au hujashiba?"

Mji mzima ukaacha kuzunguka. Mihambo akapauka, yule mwenye mng'ao wote ule. Hakuna aliyewahi kusikia swali hilo.

Mzee Tobo akazungumza, na sauti yake ilikuwa nzito na ya pole.

"Mtani, nilishiba kabla wewe hujazaliwa."

"Sasa mbona unakula?"

"Nifanyeje? Mimi sina mkono wa kusukuma sahani. Kinachowekwa mbele yangu kinaingia. Wanatenga nakula, kinanikwama nabeua, nikibeua wanashangilia, wanatenga. Hakuna aliyeniuliza. Na hizo mbweu zinaniuma, mtani. Kila ikitoka nasikia akina mama wanalia kule juu, wala siwezi kuirudisha."

Loo, jamani. Wakaangaliana. Wote waliokuwa wakiimba hawakujua pa kuweka nyuso zao.

Bi Kasanda akageuka, akamshika Bi Mbula mkono. "Huyu nimemchukua," akasema. "Ni haki yangu ya utani. Mwenye kinyongo aseme." Nani aseme? Akamvuta, akamkokota na miguu yake ile mibovu, akamrudisha mpaka pembeni, nyuma ya vumbi lake. Na alipopita kwa Mihambo akamwambia, "Na wewe, kijana, usipike tena bila kuuliza." Mihambo akasema ndiyo, Bibi. Neno fupi kuliko yote aliyowahi kusema.

Wakaacha kumtengea Mzee Tobo. Chakula kilichokuwa kikimzunguka kikaisha, mng'ao ule ukafifia, mbweu ikakatika. Lakini msidhani manyunyu yalirudi siku ya pili yake. Ukungu uliochemka namna ile unachukua muda kupoa, mrefu, mrefu, mrefu. Mihambo mwenyewe alizimika njiani, maskini, bado anasubiri kuomba radhi vizuri. Wakaja wengine. Bi Mbula alikaa nyuma ya vumbi lake amejikunja, amekumbatia tumbo, maana joto lilikuwa bado linapita na kila likipita alikuwa anaogopa.

Na Bi Kasanda alikuwa anakaa naye. Mji wake mdogo ulikuwa umekwisha changanyika na huo mkubwa, hakuwa na pa kurudi. Alikuwa anamtania mchana kutwa ili asilie. Alimwambia, "Mtoto akizaliwa mfupi, atakuwa amemfuata mama yake kwa kukaa amejikunja hivi." Bi Mbula alikuwa anacheka kidogo, kwa uangalifu.

Manyunyu ya kwanza yalipoanza kuonekana kwa mbali, Bi Kasanda akazimika.

"Hakumwona mtoto?"

Hakumwona, Shija. Mafuta yalikwisha. Nitadanganya ili iweje?

Sasa mnajua kwenye msiba mtani ndiye anayetakiwa kutania, watu wapumue. Wakakusanyika, wakalia, na hakuna wa kutania, kwa sababu mtani ndiye marehemu. Wakasubiri. Ndipo ikasikika sauti ya Mzee Tobo kutoka katikati, yeye ambaye hakuwa amesema neno tangu siku ile.

"Huyu mtani wangu mjanja," akasema. "Amekufa mapema makusudi, asije akanisikia ninamshukuru."

Watu wakacheka. Wakacheka huku machozi yanawatoka, na ndani ya kicheko kile manyunyu yakafika pembeni kwa Bi Mbula, ya baridi, mengi, na tumbo likakaza. Akajifungua nyota wa kike. Mtoto akalia. Bi Mbula akamnyanyua juu ili na Mzee Tobo kule katikati amwone. Akamwita Kasanda.

Tangu hapo manyunyu yakiwa mengi mno, tone moja mawili linamfika Mzee, anabeua kidogo, ukungu unapata joto kidogo, watoto wanapungua, halafu unapoa, wanarudi. Na hata hiyo mbweu ndogo ina kazi yake, kwa sababu bila hiyo wangezaa wote kwa pupa wakamaliza ukungu siku moja. Wanaishi hivyo, wanaulizana. Hata mzee wa mji wetu huu wa nyota tulio nao hapa yuko katikati, kimya, nadhani na yeye amepumzishwa.

Sasa fundisho, maana najua mnalisubiri mpate kukimbia. Unayempenda usimjazie tu sahani ukarudi nyuma kwa adabu. Muulize. Na kama wewe ndiye unayelishwa na huwezi kusema, Mungu akupe mtani.

Kisa changu nimekitua hapa mlangoni. Anayekitaka akibebe, ila asikimwage njiani. Shija, fungua mdomo nione.