Jini Aliyetiwa Utani

Hapo kale, katika mji wa Kisharafu, alitawala Sultani Idarusi bin Hamadi, mwenye bustani saba na bonde moja kavu lililomkosesha raha. Na rafiki yake, mfalme wa ng'ambo ya Jabali Kafu, akampelekea msaada wa jini mpima ardhi, jina lake Barkashi, aliyefungwa kwa pete awafundishe makarani wa bonde kupanga mifereji kwa siku arubaini, kisha arudi kwao.

Sultani akamwita Mwinyihatibu, akida wa bonde, akamwambia, "Siku hizo zikiisha na maji hayajafika mashambani, nitawahamisha watu wako wote." Akida akarudi amenyong'onyea, maana bondeni ndiko walikozikwa wazee wake, na ndiko aliko Somoe, karani aliyempenda bila kuthubutu kusema.

Basi jini akachora ramani hewani kwa moshi wa dhahabu, na kila alipouliza, "Mmefahamu?" makarani walijibu, "Naam, bwana mkubwa." Adabu ile, jamani, ilitaka kuwaponza! Mfereji ulichorwa palepale panapopita mafuriko, na kila mmoja aliliona hilo, lakini nani amkosoe mgeni wa mfalme? Jini akauchimba kwa pumzi moja, na mvua ya kwanza ikaufukia. Siku thelathini zikapita hivyo, wakiitikia tu.

Ndipo Mwinyihatibu akainuka, akasema, "Ewe Barkashi, tangu leo watu wangu na majini wa Kafu ni watani. Haya, pua yako hiyo ndiyo iliyokuziba macho usione njia ya mafuriko?"

Makarani wakashika vinywa. Jini akacheka hadi vumbi likatimka, kwani kwa miaka elfu hakuna aliyemtania. Somoe akadakia, "Babu moshi, pitisha juu, kwenye mawe mekundu."

"Njoo uchore wewe, mdomo mrefu," jini akamjibu.

Wakabishana kutwa, wakafuta na kuchora, hata makarani wakajua kupima mteremko kwa bakuli la maji, bila moshi wala uchawi.

Siku ya arubaini maji yakafika mashambani, na jini akaondoka akizomewa kwa mapenzi. Masika yaliyofuata ukingo wa mfereji ukabomoka, na jini hayupo. Somoe akachukua bakuli lake, akapima upya, na maji yakarudi njiani. Sultani akawaachia bonde, akampa Mwinyihatibu shamba la mpunga na kumwoza Somoe, ambaye sasa alithubutu kumposa, na harusini sinia moja likawekwa kando kwa ajili ya mtani wa Kafu, asije akasema amenyimwa.

Nami nimefika mwisho. Aliyefahamu na aseme, na asiyefahamu aseme zaidi.