Kapera wa Ubaoni

Mbacha ni mkeka uliochakaa, lakini ndio ulaliao kila siku. Msala wa mpita njia unang'aa, ila ukiisha kupita umekwenda. Wahenga hawakuchukia vipya. Walichohofia ni mtu kutupa cha zamani kabla hajapima.

Msajili wa ndoa alikuwa mtu wa mbacha. Sheria mpya iliruhusu wachumba watangazwe mtandaoni kwa siku moja tu, lakini yeye, kwa waliomkubalia, bado aliandika matangazo kwa mkono, herufi zimenyooka kama za shule, na kuyabandika ubaoni kwa siku ishirini na moja. Vijana walimwita Bwana Gundi.

Bintiye, mwalimu aliyepigia debe mitaala mipya, alipopata mchumba alitaka njia ile ya siku moja.

"Baba, dunia imekwenda mbio."

"Imekwenda, mwanangu, ila magoti yangu hayakimbii. Nipe hizo siku ziwe zawadi yangu ya harusi."

Binti alinuna, kisha akakubali, maana alimpenda baba yake. Mchumba alijaza fomu mwenyewe: kapera. Msajili akanakili.

Kila asubuhi mama mfagiaji wa ofisi alisimama mbele ya ubao. Alisoma ngumbaru, darasa la watu wazima ambalo wanamageuzi walitaka lifungwe kwa madai kwamba limepitwa na wakati, na ubao ndio ulikuwa kitabu chake. Siku ya tisa aligonga mlango.

"Shikamoo, mzee. Ka-pe-ra ni nani?"

"Marahaba. Mwanamume asiyeoa."

"Basi hapo kalamu imekuteleza. Huyu ni shemeji yangu. Juzi tu alikuwa kwa dada, anamnyoa mwanawe."

Msajili aliichomoa ile fomu akaisoma upya. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani awe amekosea kuandika. Mama yule akamtazama usoni, akaelewa, na ufagio ukamtoka mkononi.

Binti alilia siku mbili. Baba alimpelekea chai, wala hakusema "nilikuambia". Siku ya tatu, macho yakiwa bado mekundu, alikwenda kwenye kikao cha mitaala. Walipofika kwenye kufunga ngumbaru, alinyoosha mkono.

"Vishikwambi vya kusomea vileteni, navitaka. Darasa lile liacheni. Aliyeniokoa alijifunzia kusoma humo, akasoma ubao niliokuwa nikiucheka. Jamani, usiache mbachao kwa msala upitao."