Kisu Kisichofika Shubiri

Mhunzi mmoja, jina lake Mbonea, alikuwa na kipande kimoja tu cha chuma. Kwao desturi ilikuwa hivi: mtu akishavukuta mivuo ya wenzake, ile mifuko ya kupulizia moto, miaka ya kutosha, wazee humpa chuma, mara moja maishani, afue kisu chake mwenyewe. Kikifika shubiri na kisiwe na doa, anapewa nafasi yake kwenye fuawe, kile chuma kikubwa cha kufulia. Kikionekana na kosa, kinatupwa shimoni nyuma ya banda, na mwenyewe anarudi kwenye mivuo mpaka uzeeni.

Mbonea alifua vizuri juu ya jiwe la wanafunzi, lakini alikuwa na haraka ya kuitwa fundi. Alikiacha kisu motoni mpaka kikapita wekundu, kikawa cheupe, kisha akakichovya katika maji baridi. Akasikia mlio mdogo, kama punje ya mahindi inavyopasuka kikaangoni. Karibu na ncha palikuwa na ufa, mwembamba kama unywele.

Mwenzake Sekiete, aliyekwisha kupata nafasi yake zamani, akasogea, akautazama, akacheka kwa upole. "Ndugu yangu, usijitie kihoro. Nta ya nyuki na masizi, sugua, basi. Unadhani sisi tulipitaje?"

Mbonea akasugua. Ufa ukatoweka. Kisu kikapendeza, naye akajiona yuko fuaweni tayari. Halafu akamwaza mwanamke asiyemjua, mtoto mgongoni, akikikandamiza kisu kile kwenye mfupa wa mbuzi. Akaiona ncha ikiruka. Nani angeilaumu nta? Wangesema mama yule hajui kukata.

Akakirudisha motoni. Nta ikaungua na kutoa moshi, ufa ukajitokeza mweusi kuliko mwanzo. Akachukua patasi, akakata sehemu yote iliyoguswa na ufa, na kidogo zaidi, maana ufa huwa mrefu kuliko unavyoonekana. Akafua ncha upya. Akakifukia kisu katika jivu, kipoe polepole. Alipokirudisha tena motoni alingoja wekundu wa kaa, basi, akakichovya katika mafuta ya nyonyo yenye uvuguvugu. Hakikulia. Lakini sasa kilikuwa kifupi. Hakikufika shubiri.

Siku ya kukionyesha, wahunzi walikaa na visu vyao viunoni. Mzee Kirita, mkuu wao, akakipima kwa kiganja chake, akauliza kulikoni. Mbonea akaeleza yote: haraka yake, ufa, patasi. Hakuficha hata nta. Sekiete akainamia miguu yake.

"Mwanangu," akasema mzee, "hiki ni kisu au kijiti cha kuchokolea meno?"

Banda zima likaangua kicheko. Mzee akakirusha shimoni.

Mbonea akashuka, akakiokota, akamrudishia. Mzee akakirusha tena. Akashuka tena, akapanda akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Akaenda moja kwa moja kwenye fuawe ambayo hakuruhusiwa kuigusa, akakipiga kisu juu yake kwa nguvu zake zote. Kikalia kama kengele, kikabaki kizima. Akawageukia.

"Nilikosea, nikarekebisha. Changu mmekisikia. Sasa tuvigonge na vyenu."

Kicheko kikakatika. Mikono ikaenda viunoni, ikafunika mipini, ikabaki hapo hapo. Mbonea akangoja. Alisimama kwenye fuawe, kisu mkononi, wala hakuna aliyemwambia aondoke.

Enyi mnaonisikia, visu vyote vile vilikuwa virefu, tena vinang'aa. Mbona hakuna hata kimoja kilichochomolewa?