Kiti cha Sultani na Maua ya Darini

Ngano, nije nisije?
Njoo!
Nije na kweli au nije na uongo?
Njoo navyo vyote!

Hapo kale alikuwapo Sultani mwenye jumba la kuringia. Kuta nyeupe pe, vishubaka vimejaa sahani za Kichina, mazulia mpaka mlangoni. Dari tu ndiyo ilikuwa tupu. Akamwita Shekue, fundi wa rangi.

"Nichoree bustani juu yangu. Ukiharibu, mkono huo unauacha hapa."

Msidhani alikuwa anatania, jamani. Fundi aliyetangulia alikuwa akilishwa na mkewe.

Shekue akapanda jukwaani, akalala chali. Sasa, mlango wa chumba ulikuwa upande wa kibla, na kiti cha Sultani upande wa pili. Mwenye adabu hanyooshi miguu kibla, ama sivyo? Basi akalaza kichwa upande wa mlango, miguu upande wa kiti. Akachora, akachora, akachora.

Siku ya kuonyesha kazi, akabomoa jukwaa, akasimama penye kiti, akatazama juu. Maua yote yalikuwa kichwa chini, maana vilele vyake vilielekea mlangoni, alikolaza kichwa. Akapindisha shingo: kichwa chini. Akafumba macho, akafumbua: kichwa chini vilevile. Na huko nje baragumu linalia, Sultani yuaja.

Afanyeje? Afute? Rangi imekauka. Akimbie? Mlango ni mmoja. Akakibeba kiti, akakitua karibu na mlango, mgongo wake kizingitini.

Sultani akaingia, akaketi, akainua macho. Maua yamesimama wima.

"Mashallah," akasema. Kisha akageuka. "Na kiti changu kimefikaje hapa?"

Uongo ulimkimbia Shekue siku hiyo. Akasema yote.

"Askari, mkono wake."

Askari wakaja mbio, Waziri nyuma yao, wakakwama kizingitini. Sultani mwenyewe alikuwa ameweka sheria: apitaye nyuma ya kiti chake, hana kichwa.

"Tupite wapi, Mtukufu?"

"Piteni hapo."

"Nyuma yako?"

Sultani akakitazama kizingiti. Sheria ni yake, na watu wake wanamtazama. Akikirudisha kiti, maua yanapinduka. Akatazama juu tena. Alikuwa ameshayapenda.

Shekue ameficha mkono kwapani, jasho linamtiririka, anangoja.

"Mwacheni," Sultani akasema mwishowe. "Na Waziri mwambieni aingie kwa dirisha."

Waziri akakunja kanzu, akapanda, na tumbo lake lile akakwama katikati. Ikabidi Shekue ampe mkono.

Ngano yangu imetua. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi.